Siku Niliyomnywesha Mwenyekiti Maji ya Chumvi

Jamani, hili jambo sijawahi kulisema mbele ya watu wa ofisini kwangu, na hata mume wangu alilisikia kwa mtu mwingine miaka mitatu baada ya ndoa, akarudi nyumbani anacheka mpaka anashika ukuta, nikamnunia siku mbili. Lakini leo mmenibana, basi nitasema, na mcheke tu maana nimeshazoea: mimi, Bibi Afya mwenye cheti, niliyesomeshwa namna ya kuokoa watoto wanaoharisha, niliwahi kusimama mbele ya kijiji kizima nikawanywesha watu wazima maji ya chumvi, nikawapigia na makofi, na sababu yake ni rangi ya mdomo.

Ndiyo, rangi ya mdomo. Subirini.

Ilikuwa miaka ya tisini, Bariadi ikihesabika bado mkoa wa Shinyanga (huu mkoa wa Simiyu ulikuja baadaye sana), na mimi nimetoka kwetu Same moja kwa moja, msichana wa miaka ishirini na tatu, Kisukuma changu chote ni "mwangaluka" ya kuamkia asubuhi na "wabeja" ya kushukuru. Biashara ndiyo ilikuwa imefunguliwa, mitumba imejaa mnadani, wanunuzi binafsi wa pamba wanapita vijijini na mizani zao, na madukani kila wiki kuna kitu kipya ambacho hukijui hata jina. Katikati ya hayo yote, katika kijiji kimoja njia ya kwenda Maswa (sitakitaja, wamenisamehe, nisiwachokoze), watoto walikuwa wanaharisha. Mvua zilikuwa zimeanza, watu wanateka maji kwenye lambo wanakonywea ng'ombe, na ndani ya mwezi ule kijiji kilikuwa kimeshazika watoto. Zile pakiti za unga wa kuchanganya na maji, za kumrudishia mtoto maji mwilini, zilikuwa zimekwisha zahanati.

Bosi wangu, Bwana Ndaki, mtu wa Nyashimo, mpole lakini akikutazama unajikagua vifungo, akaniita ofisini.

"Eliwaza," akasema, "pakiti hatuna na sijui zinakuja lini. Nenda ukawafundishe kuchanganya wenyewe nyumbani. Maji lita moja yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya sukari. Waoneshe kwa macho yao. Na mimi nitakuja baadaye kuangalia."

Hayo ya "nitakuja kuangalia" ndiyo yaliyoniharibu. Ulikuwa mkutano wangu wa kwanza peke yangu, nikataka uwe mkutano wa kukumbukwa. (Umekumbukwa.)

Nikaenda dukani kwa Mzee Hemedi, pale karibu na stendi, kununua sukari na chumvi. Sasa mnakumbuka sukari yetu ya siku zote, ile ya rangi ya kahawia yenye punje kubwa. Mzee Hemedi akaniwekea juu ya meza sukari nyeupe pepepe, laini, imetoka nje ya nchi.

"Mwanangu, chukua hii," akaniambia, "hii hata akija waziri unamwekea."

Nikaitazama, nikaiona nzuri. Chumvi nayo ilikuwa imeanza kuja ya pakiti, laini, si ile ya mabonge tuliyozoea kutwanga, nikachukua hiyo hiyo. Na wakati nageuka kuondoka nikaona ndani ya meza yake ya kioo kijiti cha rangi ya mdomo, damu ya mzee, kitu ambacho kule Same nilikuwa nakiona kwa mke wa meneja wa benki peke yake. Nikajiambia, Eliwaza, wewe sasa ni mfanyakazi. Nikanunua.

Jioni ile nikatafuta makopo mawili ya maziwa ya unga, yanafanana kama mapacha, nikayaosha, hili nikatia sukari, lile chumvi, nikaandika karatasi mbili kwa mwandiko wangu mzuri wa chuo, SUKARI na CHUMVI, nikazibandika. Nikazibandika wapi? Kwenye vifuniko. Siyo ubavuni mwa kopo kama mtu mwenye akili. Kwenye vifuniko.

Asubuhi yake nikapanda baiskeli, makopo kwenye keria, nikafika kijijini nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mkutano ulikuwa mbele ya ghala la ushirika, ambalo msimu ule lilikuwa tupu kwa sababu pamba ilikuwa inanunuliwa majumbani. Nikajipangusa, nikajitazama kwenye kioo changu kidogo, nikapaka ile rangi ya mdomo taratibu, kisha nikafungua makopo yote mawili ili niyafute vumbi kwenye kingo. Hapo hapo akaja mama mmoja kunisalimia. Na salamu ya Usukumani si ya kupita njia, unaulizwa nyumba, unaulizwa wazazi, unaulizwa mvua ya kwenu, unaulizwa ng'ombe (mimi sina ng'ombe, lakini nilijibu hawajambo), na wakati wote huo mkono wangu ulikuwa unarudisha vifuniko bila mimi mwenyewe kuwepo.

Nadhani mmeshaelewa.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Masunga, mzee mrefu mwenye koti la suti na kandambili, alikuwa ameita mabalozi wote wa nyumba kumi na kikundi cha ngoma, na ndiye alikuwa mkalimani wangu. Nikiongea sentensi moja yeye anatafsiri kwa sentensi nne (mpaka leo najiuliza zile tatu zilikuwa zinasema nini). Nikaeleza kwamba mtoto anayeharisha hauawi na kinyesi, anauawa na kukauka, kwamba wale wanaomnyima maji ili asizidi kuharisha wanamkausha zaidi. Wakanisikiliza. Kwa kweli walinisikiliza vizuri sana, na wanawake walikuwa wananitazama kwa udadisi wa ajabu, nikadhani ni hotuba, kumbe baadaye nikaambiwa walikuwa wanajadili kama mdomo wangu ulikuwa unatoka damu.

Nikaomba ndoo ya maji yaliyochemshwa tangu alfajiri, lita kumi. Nikapiga hesabu kwa sauti, nikahesabu nao vijiko, vijiko sitini vya kopo la SUKARI, kikundi cha ngoma kikapiga kidogo kila tulipofika kumi, kisha vijiko vitano vya kopo la CHUMVI. Nikakoroga. Maji yakatulia meupe, mazuri.

Sasa chuoni mwalimu wetu alitufundisha jambo moja na alilirudia mpaka tukamwiga nyuma ya mgongo wake: kabla hujampa mtoto, onja wewe, na yakiwa na chumvi kupita machozi yako, mwaga. Onja, linganisha na machozi. Nililijua. Lilinijia pale pale nikiwa na kikombe mkononi. Lakini kikombe kilikuwa cha bati jeupe, na mimi nina rangi ya mdomo, na watu mia kadhaa wananitazama, nikaona nitaacha alama ya midomo kwenye kikombe cha mwenyekiti na nyingine itanipaka kidevuni. Nikajiambia, si nimehesabu mwenyewe? Nikasema kwa sauti:

"Tutaanza na mgeni rasmi!"

Bwana Masunga akasimama, akavua kofia, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa funda la kwanza. Niliona macho yake yametoka kidogo na shingo imekakamaa.  Kisha (na hapa ndipo ninapomheshimu yule mzee mpaka kesho) akafumba macho akanywa kikombe chote mpaka chini, akakigeuza watu waone hakuna kitu.

Ngoma zikalia. Nikapiga makofi.

"Mnaonaje, mwenyekiti, ni tamu?" nikamwuliza.

Akakohoa. Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyemeza moshi. "Ina nguvu," akasema. "Ina nguvu sana."

Akawageukia watu akatafsiri, na safari hii tafsiri ilikuwa fupi.

Sasa mwenyekiti ameshakunywa, balozi wa kwanza atakataa vipi? Akanywa. Na wa pili alipomwona wa kwanza amekunywa bila kusema neno, naye akanywa. Kila mmoja alikuwa anapokea kikombe anatabasamu, anapiga funda, tabasamu linabaki usoni lakini mwenyewe hayumo tena, anamaliza, ngoma zinalia, anakwenda kukaa taratibu kama amebeba yai kichwani. Watu kumi na mmoja! Wawili machozi yaliwatoka, na mimi mjinga nikasema kwa sauti, "Ona walivyoguswa!" (Bwana Masunga aliniambia baadaye, akiniita mayu, yaani mama, "Sisi tulidhani ni dawa, mayu, na dawa nani aliwahi kuambiwa iwe na ladha?")

Kisha nikasema sasa tuoneshe kwa mtoto.

Na hapo, jamani, ndipo ninapoacha kucheka mwenyewe.

Alitoka msichana mmoja mbele, Kabula, mwembamba, nadhani hakuwa amefikisha miaka ishirini, na mgongoni amembeba mtoto wake wa kiume, Jilala, ambaye alikuwa anaharisha siku ya pili. Akamshusha. Mtoto macho yamezama, midomo imekauka, nikamfinya ngozi ya tumbo taratibu nayo ikachelewa kurudi. Nikaona kweli huyu ndiye niliyemfuata kijijini. Nikachota maji kwa kijiko, nikapiga magoti, nikakipeleka mdomoni mwake.

Mkono ukatokea pembeni ukakidaka kile kijiko.

Ulikuwa mkono wa mama mmoja wa makamo, mnene kidogo, amejifunga kanga kiunoni, waliyemwita Mayu Minza. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amekaa nyuma anawatazama usoni wale mabalozi mmoja mmoja, kwa sababu mmoja wao alikuwa shemeji yake na alijua hakuwa mtu wa kulia hadharani. Hakunitukana. Alichukua tu kile kijiko, akakitia mdomoni mwake, akakitema pembeni palepale, akatia kidole kwenye ndoo, akalamba, akatema tena.

"Dakitali," akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli, "haya ni ya mtoto au ni ya ng'ombe?"

Watu wakanigeukia. Ngoma moja ikapigwa kwa bahati mbaya.

Nikatia kidole kwenye ndoo. Nikalamba. Nilichowaza si aibu, nilichowaza ni kijiko kile, na cha pili yake, na cha tatu, katika mtoto aliyekauka namna ile. Nilijua kabisa kingetokea nini. Hicho ndicho nilichosomea.

Kabla sijafungua mdomo, balozi wa kwanza akainuka ghafla akakimbilia nyuma ya ghala. Akafuata wa pili. Kisha wote, kwa pamoja, kama walioitwa, na mwenyekiti mwisho akijitahidi kutembea kwa heshima, akafika kona ya ghala, heshima ikaisha, tukamsikia.

Na katika dakika hiyo hiyo, kwa sababu Mungu ana ratiba zake, Bwana Ndaki akaingia na pikipiki.

Hebu mtazameni yeye kwanza. Anatoka mjini, anajua kijiji kinaharisha, anafika anakuta wazee wa kijiji wote wamejipanga nyuma ya ghala wanatapika, wanawake wanapiga kelele, na mfanyakazi wake amesimama katikati amekodoa macho na mdomo mwekundu. Alizima pikipiki hata haijasimama vizuri.

"Eliwaza! Wameanza lini?"

"Sasa hivi, Bwana Ndaki, lakini..."

"Sasa hivi wote?" Akashika kichwa. "Kipindupindu! Watu wote wasiondoke! Hakuna kupeana mikono! Ngoma wekeni chini!"

Nilijaribu kusema, wallahi nilijaribu, lakini yeye alikuwa ameshageuka mtu mwingine, anachora mstari chini kwa kisigino, huku wagonjwa huku wazima, anaandika kikaratasi juu ya tangi la pikipiki, anamwita mtu mwenye baiskeli, "Peleka hii zahanati, waambie wapige simu ya upepo wilayani, barabara ya Maswa ifungwe!" Na yule bwana, mtiifu, akadandia baiskeli akaondoka.

Barabara ya Maswa ifungwe. Malori ya pamba, mabasi, mnada wa kesho, wote wasimame kwa sababu ya Eliwaza. Hapo ndipo miguu ikaamka. Nikavua viatu, nikapandisha sketi, nikakimbia nyuma ya baiskeli mbele ya kijiji kizima, nikipiga kelele kwa sauti ambayo nilikuwa sijui kama ninayo:

"Ni chumvi! Rudi! Si kipindupindu, ni chumvi! Mimi ndiye niliyekosea, ni chumviii!"

Nikamkamata karibu na nyumba ya tatu, nikaishika ile baiskeli kwa nyuma nikakokotwa kidogo mpaka tukaanguka wote wawili. Niliporudi, peku, nimechubuka goti, na ile karatasi mkononi, kijiji kizima kilikuwa kinanisubiri. Sasa sikuwa na pa kujificha, nikawaambia yote. Nikasema makopo, nikasema vifuniko, nikasema nilifundishwa kuonja na sikuonja. Bwana Masunga, amekaa chini ameegemea ukuta, hali yake mbaya, akainua mkono akatafsiri. Hata pale alitafsiri! Na nilipofika mwisho akauliza kwa upole:

"Hukuonja kwa nini?"

Macho yangu yakaenda kwenye kikombe. Bwana Ndaki alikuwa ameshachovya kidole na kutema, akanitazama usoni, akashuka mpaka mdomoni, akatazama kwanza kikombe cheupe halafu mimi. Nikaona ameelewa. Afadhali angenipiga kofi.

Wale wazee wakapewa maji safi mengi wakanywa polepole, wakapona wote kabla ya jioni, namshukuru Mungu. Lakini mkutano ndio ulikuwa umekufa. Wanawake walikuwa wanafunga watoto migongoni wanaondoka, na Kabula naye ameshambeba Jilala, na nilipomsogelea akarudi nyuma hatua mbili kama nimeshika kisu. Hilo ndilo lililoniliza, siyo baiskeli. Mtoto anakauka mbele yangu, ninajua anachohitaji, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angepokea tena kijiko kutoka kwangu.

Mayu Minza akamwambia Kabula maneno machache ya Kisukuma, akamchukua kwenda kwake. Bwana Ndaki akaniambia, "Nenda nao. Usiseme, angalia. Ukiona mtoto hamezi au amelegea, niite, tunampandisha pikipiki mpaka hospitali."

Nikaenda nyuma yao, hatua kumi nyuma, kama mbwa aliyefukuzwa ambaye bado anafuata.

Mayu Minza hakunifukuza. Alinionesha kigoda akasema, "Kaa." Akachukua unga wa mtama kidogo, kiganja kimoja tu, akaukoroga katika maji mengi, akauweka motoni mpaka ukachemka vizuri, uji mwepesi sana, ukiuinua kwa kijiko unadondoka kama maji. Akachukua chumvi kwa ncha za vidole vitatu, akatia. Akakoroga. Akaonja. Akafikiri. Akaongeza maji kidogo, akaonja tena. Kisha akanipa kijiko mimi.

"Onja, dakitali."

Nikaifuta ile rangi ya mdomo kwa upindo wa sketi, nikaonja. Jamani. Ilikuwa sawasawa kabisa! Nikamwuliza amejuaje kiasi cha chumvi, akashangaa kidogo na swali.

"Ikifika kama jasho linaloingia mdomoni ukiwa unalima, imetosha. Ikizidi hapo mtoto anakataa."

Mwalimu wangu alisema machozi, yeye anasema jasho, na hawajawahi kukutana maishani. Nilisahau kwamba nina aibu. Nikatoa daftari. Nikaanza kumwuliza: kwa nini mwepesi? Kwa nini kijiko kijiko? Akitapika je? Unga wa mahindi unafaa, mchele je? Naye anajibu huku anamnywesha Jilala, kijiko, anasubiri, kijiko, anasubiri, mtoto akitapika anahesabu pumzi kadhaa na kuanza upya, na katikati Kabula ananyonyesha.

"Nani alikufundisha?" nikamwuliza.

Akampa Jilala kijiko kingine. "Watoto wangu wawili wa kwanza tuliwanyima maji," akasema. "Tulikuwa tunaambiwa hivyo. Wakaenda. Huyu wa tatu alikuwa anashika kibuyu changu cha uji hataki kukiachia, nikasema kama anakufa basi afe ameshiba. Hakufa. Sasa anaendesha lori la pamba, akipita hapa anapiga honi mpaka kuku wanakimbia."

"Na umewahi kuwaambia wengine?"

"Nani aliniuliza?"

Nikaandika hilo pia kwenye daftari, sijui kwa nini.

Kisha akaanza yeye kuniuliza mimi. Ninyi mnachemsha maji ya kunywa kwa sababu gani wakati hayana uchafu unaoonekana? Nikamwambia kuna wadudu. Umewaona? Nimewaona, kwa darubini, chuoni. Wana miguu? Wengine wana mikia. Akaangua kicheko, akamwambia Kabula, na Kabula kwa mara ya kwanza akanitazama bila woga. Nikamwonesha kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto, nikamwambia uji ule usilale, upikwe mpya kila siku, naye akatikisa kichwa, akasema hilo la kulala alikuwa halijui, yeye alikuwa anautunza mpaka kesho yake. Akanitaka nilirudie.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama Kabula alichoka, akanipa mtoto. Alinipa yeye mwenyewe, sikuomba. Nikampakata, nikashika kijiko, nikaonja kwanza, nikampa. Akameza. Cha pili akakifuata mwenyewe kwa mdomo. Baada ya kama nusu saa hivi nikahisi joto mapajani, linateremka, linaingia mpaka kwenye ile sketi yangu ya mkutano, nzuri, ya mtumba daraja la kwanza. Jilala amenikojolea.

Nikapiga yowe. "Amekojoa! Amekojoa!"

Kabula akaruka kunipokonya mtoto akiomba samahani, nikamwambia hapana, mwache, mwache amalize, maana mtoto aliyekauka hana mkojo, na mkojo ule ulikuwa mwingi, jamani, mwingi kabisa. Nikawaeleza huku nalia huku nacheka, na Mayu Minza akaishika ile sketi yangu iliyolowa, akaitazama kwa makini kama mtu anayesoma barua, akasema:

"Gete, kweli kabisa. Kumbe huko nako kuna elimu."

Bwana Ndaki hakunifukuza kazi. Alinipa maneno yangu kwa saa nzima, nikayastahili yote, kisha akataka lile daftari. Akalisoma mpaka mwisho. Wiki iliyofuata tulirudi pale pale kwenye ghala, na safari hii Mayu Minza ndiye aliyefundisha, kwa Kisukuma, na mimi kazi yangu ilikuwa kunywa wa kwanza mbele ya watu wote, kikombe kizima, huku Bwana Masunga amesimama pembeni ananichungulia usoni kwa furaha ambayo hakuificha. Ngoma zikalia, nikacheka nao. Kisha nikazungumza mimi: maji ya kuchemsha, sabuni, na dalili za kumkimbiza mtoto hospitali, macho kuzama, kushindwa kumeza, damu kwenye choo. Wakauliza maswali mpaka nikaishiwa majibu. Mwezi mmoja baadaye Bwana Ndaki alimleta Mayu Minza hospitali ya mjini na chupa ya maji ya lambo lao, akamwekea tone chini ya darubini. Aliinama pale kwa muda mrefu mpaka watu wa maabara wakaanza kuangalia saa. Alipoinuka aliuliza jambo moja tu, "Na hawa wote walikuwa wanaingia kwetu?" na kuanzia hapo nyumbani kwake maji hayanywewi mpaka yachemke, na jirani asiyechemsha anasimuliwa mikia.

Baadaye nilihamishiwa Maswa, nikapanga chumba mahali panapoitwa Binza, na kazi yangu ya kwanza kule ikawa Lalago, kijiji cha wafugaji, ugonjwa ule ule. Wanawake wamekaa wananisubiri niwafundishe. Nilikuwa na mabango mapya, chupa, vijiko, kila kitu. Niliviweka chini. Nikamwambia mkalimani, waulize, mtoto akiharisha wao huwa wanafanya nini. Wakatazamana. Kisha bibi mmoja akasema jambo kwa sauti ndogo, mwingine akambishia, wa tatu akacheka, halafu wote wakaanza kuongea kwa pamoja, na mkalimani akanigeukia amechanganyikiwa.

"Nianze na nani?" akaniuliza.

"Na yule aliyekaa mbali kabisa," nikamwambia, nikafungua daftari.

Tangu siku hiyo nimeapa, na kiapo hicho sijakivunja hata mara moja: sifungui mdomo kufundisha mahali ambapo sijauliza kwanza. Kwa hiyo watu wa Lalago wanasema Bibi Afya wao ni mtu wa ajabu, alisomeshwa na serikali na bado anauliza maswali kama mtoto. Waacheni waseme. Mimi naandika.